Hanchifu ya Mpiga Tarumbeta

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Leo nimepata njia ya kumpindua Fundi Vanishi. Kwa amani kabisa!

Karakana yetu ya makochi ina watu wanne na spika moja. Mimi nashona vitambaa, Fundi Mbao anaunda fremu, Fundi Vanishi anapaka vanishi, na Bosi, mama mwenye karakana, anatupigia kelele sote. Spika inakaa upande wa Fundi Vanishi, naye tangu mwaka jana anapiga wimbo mmoja tu wa kinanda, asubuhi mpaka jioni. Nimefika mahali nashona kwa mapigo yake. Mke wangu anadai hata kukoroma siku hizi nakoroma kwa mapigo yake.

Basi leo Bosi katangaza. Jumamosi tukishafunga kazi tunakunywa chai pamoja, na kila mtu aje na wimbo anaoupenda kuliko zote, asimulie na siku aliyouona ukipigwa mbele ya macho yake. Atakayetufurahisha zaidi, spika inahamia kwake.

Tatizo: sijawahi kwenda onyesho lolote la muziki. Harusi, nyingi. Onyesho, hapana. Lakini mdomo ulishafunguka. Nikasema nilikuwepo, nikiwa bado mdogo, usiku ule Bendi ya Mwezi Mchanga ilipoaga mashabiki, mbele kabisa, nimeegemea jukwaa, na mpiga tarumbeta alijifuta jasho kwa hanchifu nyeupe akanirushia mimi.

Fundi Mbao akaacha hata kupiga randa. Ndipo Fundi Vanishi, bila kuinua brashi, akauliza kama hanchifu hiyo bado ninayo. Nikasema ninayo, nimeitunza kama yai.

Sina hanchifu. Hata ya mafua sina.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Nimenunua hanchifu. Nyeupe mno! Inang'aa kama meno ya tangazo la dawa ya meno. Nikaona niizeeshe. Nikachemsha chai ya rangi, kali, tangawizi tele, nikaitumbukiza hanchifu humo ndani ya sufuria, nikaacha jikoni, nikatoka kwenda kwa Kinyozi anayekaa mkabala na karakana. Yeye ana sanduku zima la kaseti za zamani. Akaniazima ya Mwezi Mchanga kwa sharti nimsimulie usiku ule. Nikamsimulia. Nikaongeza kwamba mwimbaji alinikonyeza.

Kurudi nyumbani, balaa. Mama mkwe, ambaye yuko kwetu kwa ajili ya matibabu ya macho, ameikuta chai na ameimimina. Mke wangu kikombe. Jirani aliyekuja kuomba chumvi kikombe. Na mimi kikombe. Ningesema nini? Chai ya mama mkwe haikataliwi. Nikanywa huku nimeikodolea macho sufuria. Jirani akaomba aongezewe.

Mwishowe mama mkwe akaivua hanchifu kwa kijiko, akaikamua vizuri, akauliza ni kitu gani. Nikasema ni chujio, nimelinunua kwa ajili yake. Akanibariki! Akamwambia mke wangu kwamba wanaume wa namna hii wamebaki wachache. Na tangu jioni hii anachujia chai.

Si haba. Kufikia Jumamosi itakuwa imezeeka vizuri sana.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Fundi Vanishi ametulia. Mtu hatulii hivyo bila kuficha jambo. Nikamfuata stoo kimyakimya. Nikamkuta ameupa mlango mgongo, anajisemea peke yake, anafanya mazoezi ya hadithi yake. Sikusikia hata neno, kwa sababu ya wimbo wake mwenyewe! Akageuka akaniona. Nikamwambia natafuta misumari. Akaniambia misumari iko mdomoni mwangu. Kweli ilikuwepo. Sisi washonaji wa makochi huishika kwa midomo tunapopigilia.

Jioni nikajaribu kaseti kwenye redio kuukuu ya nyumbani. Redio ikaumeza utepe. Nikauvuta taratibu, nikauzungusha kwa penseli, ukarudi. Umejikunjakunja mahali pamoja tu. Hakuna atakayejua.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Siku ya aibu. Lakini pia si ya aibu.

Kabla ya kwenda kazini nilikuwa nyuma ya nyumba nawasimulia kuku hadithi yangu, kwa ishara za mikono na kila kitu. Nimefika kwenye kurushiwa hanchifu, nageuka, mama mkwe huyu hapa amesimama na ndoo.

"Mkwe wangu," akasema, "usiku ule mpiga tarumbeta hakuwepo. Alilala kwao anaumwa jino."

Nikasema labda alikuwa mwingine.

"Mwingine yupi, baba? Tulikuwa na mmoja tu."

Tulikuwa! Kumbe mama mkwe wangu alikuwa mwitikiaji wa Bendi ya Mwezi Mchanga, mmoja wa wale wanawake watatu wa nyuma ya kipaza sauti. Nikakimbia ndani kumuuliza mke wangu kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema aliniambia siku ya posa, ila mimi nilikuwa nauliza kama nyama imebaki.

Nikarudi nje kuomba radhi. Mama mkwe akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Kisha akaanza kusimulia. Mvua ilipiga bati la ukumbi mpaka watu hawasikilizani. Umeme ukakatika. Magitaa yakanyamaza. Watu wakaanza kuinuka waende, ndipo mpiga ngoma akaanza polepole, peke yake gizani, na wao watatu wakaingia na wimbo wa kuagana bila mashine yoyote. Ukumbi mzima ukaitikia. Mama mkwe alikuwa na mimba, na anasema mtoto alimpiga teke palepale kwenye kiitikio. Huyo mtoto ndiye mke wangu.

Nilisahau kwamba nimeumbuka. Nilisahau hata kazi, nikachelewa, Bosi kanifokea mbele ya mteja. Sikujali.

Cherehanini likanijia wazo: shahidi! Nimpeleke mama mkwe Jumamosi aseme ananikumbuka. Jioni nikamweleza. Akasema kuja atakuja, chai haikatai, ila kudanganya hawezi, maana meno yake ni ya bandia na akidanganya yanachomoka.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Nimembembeleza mama mkwe asubuhi na jioni. Nimembebea kigoda. Nimemtia dawa ya macho, tone moja likaangukia puani. Mke wangu kaniuliza nataka nini kwa mama yake. Nikasema heshima haina sababu. Akasema yangu huwa nayo.

Fundi Vanishi kaniuliza kama hanchifu itakuja. Nikamjibu aje na yake, ataihitaji ya kulilia. Nilijiona mjanja kupita kiasi.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Niandike haraka kabla sijaanza kutia chumvi.

Tulipanga makochi ambayo wenyewe hawajayachukua, tukakaa kama matajiri, mama mkwe kwenye kochi la nyuma. Fundi Mbao akaanza. Wimbo wake ni wa bendi ya shule iliyopita mtaani kwao alipokuwa mdogo, na akauimba huku akiandamana kuzunguka meza ya randa. Tukacheka sana.

Akafuata Fundi Vanishi. Akabonyeza wimbo ule ule. Nikaguna. Akasema anayepiga kinanda ni kaka yake mkubwa, ambaye sasa ni marehemu. Alikuwa na haya mno ya kupiga mbele za watu. Alithubutu mara moja tu, kwenye harusi ya dada yao, na Fundi Vanishi akamrekodi kwa simu. Akatuambia tusikilize mwisho. Tukasikiliza. Mwishoni kabisa kuna kigelegele kimoja kirefu. Ni mama yao.

Mwaka mzima nimeusikia wimbo huo na sijawahi kukisikia kigelegele hicho, kwa sababu kila ukifika mwisho nilikuwa naulaani.

Fundi Vanishi alikuwa analia, na kitambaa hana. Mkono wangu ukaingia mfukoni wenyewe, nikampa hanchifu, ile niliyoichomoa jikoni asubuhi. Akajifuta, akapenga, akanishukuru, akasema inanukia tangawizi. Bosi akauliza kama ndiyo ile ya mpiga tarumbeta. Nikasema ilikuwa.

Zamu yangu. Nikaweka kaseti kwenye redio ya Bosi. Ikaimba vizuri kidogo, ikafika kwenye mkunjo, ikaanza kulia kama mbuzi mwenye kikohozi, ikakata. Wote wananitazama. Ile hadithi yote imeniyeyuka kichwani.

Ndipo mama mkwe, kule nyuma, bila hata kuinuka, akauendeleza wimbo pale kaseti ilipouachia. Sauti ya chini, imekwaruza kidogo, lakini imenyooka! Sijui nani alinituma, nikaanza kupiga fremu ya kochi kwa viganja, polepole kama alivyonisimulia. Fundi Mbao akaingia na nyundo. Kwenye kiitikio Bosi akavua viatu. Bosi! Wapita njia wakasimama mlangoni, na Fundi Vanishi akaitikia kwa sauti nzito ambayo sikujua anayo.

Hakuna aliyebisha: mama mkwe ameshinda. Akasema yeye si wa karakana, spika ataifanyia nini. Akaomba ibaki palepale ilipo, ila wimbo wa kinanda uwe unaachwa mpaka kigelegele kiishe. Wa kwanza kupiga makofi nilikuwa mimi. Kwa hiari yangu.

Njiani kurudi nyumbani aliniegemea begani, akasema viganja vyangu si vibaya.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Nimeamka na furaha. Nimepiga deki nikiimba kinanda cha marehemu kaka wa Fundi Vanishi kwa mdomo.

Kisha nikaenda kumrudishia Kinyozi kaseti yake. Jana alifunga mapema, mambo yote yamempita. Kaitoa kwenye kasha, kaona utepe unavyoning'inia, uso ukabadilika. Nikaona nimtulize kwa habari njema. Nikamwambia kwamba jana nilimpigia ngoma mwimbaji wa Mwezi Mchanga mwenyewe, ana kwa ana, nikapiga kwa hisia mpaka ngozi ya ngoma ikapasuka.

Akasahau kaseti kabisa! Macho yamemtoka. Akasema ngoma hiyo lazima aitundike dukani kwake, juu ya kioo, wateja waione, na kwamba kesho anapita kuichukua.

Nikasema karibu sana.

Kesho alfajiri natafuta ngoma ya kupasua.