Karai Halirudi Tupu

Jumapili, 3 Agosti

Tumefunga shule. Nyumbani ni palepale, ila harufu imepungua. Nyanya alipokuwa hai, ukifungua tu lango ulipokewa na sabuni, moshi na mchaichai. Sasa ni moshi peke yake. Tulimzika mwaka jana. Karai lake bado limening'inia ukutani kama saa iliyosimama.

Habari mbaya za kanisani. Valary, jirani yetu, hajaonekana tangu Julai ianze. Valary ndiye anayeimba ubeti wa peke yake, na Sabato ijayo ni Sabato ya Vijana. Mama anasema tatizo ni sabuni. Mamake Valary, Phelesia, hulima vibarua, na mwaka huu vibarua vimekauka pamoja na mahindi. Amesema watoto wake hawataingia nyumba ya Mungu na nguo zilizofuliwa kwa maji matupu. Kuna na pedi pia, lakini hilo Mama alilisema akiangalia dirishani.

Mbaya zaidi: Maxwell. Katibu wa vijana, mwana wa Mzee Obare. Darasa la sita alinishinda kukariri aya. Nilikuwa naijua yote, ila sauti haikutoka. Sasa ametangaza kwamba Sabato hiyo familia zenye uhitaji zitaitwa mbele, zipewe pakiti ya sabuni na pedi, zipigwe picha. Namjua Phelesia. Akiitwa mbele, hatakanyaga tena pale, na Valary hataimba tena.

Kwa hiyo Phelesia lazima apate sabuni kabla ya Ijumaa jua kuzama, maana Sabato ikiingia hatufui, na asijue imetoka wapi. Mama ameuliza kwa nini nisimpelekee tu. Mama hasomi vitabu.

Jumatatu, 4 Agosti

Mpango wa kwanza umetekelezwa.

Nilichukua mche wetu wa sabuni, ile ya kijani, nikaufunga kwa jani la mgomba. Ili upendeze nikauzungushia uzi mwekundu niliouchomoa kwenye sweta la shule. Nikauweka mlangoni kwa Phelesia kukiwa bado na umande. Nikakimbia.

Kabla ya chai kulikuwa na watu. Jani, uzi mwekundu, mlangoni, asubuhi. Hakuna aliyethubutu kugusa. Mzee Obare, mzee wa kanisa, aliitwa aje na Biblia yake. Mimi nilipewa kitabu chake cha nyimbo nimshikie. Phelesia aliusukuma mzigo ule kwa jembe hadi chooni, ukaanguka shimoni, na sote tukaomba. Nilisema Amina kuliko wote.

Maxwell alieleza kwamba siku hizi adui huja kwa sura zote, hata ya sabuni.

Mama anatafuta mche wetu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimempigia Shangazi Nyatichi. Ana duka Migori mjini. Kila mzigo ukifika kuna miche iliyovunjika ambayo wateja wanaikataa. Amekubali kuniletea katoni nzima Ijumaa, na pedi ambazo pakiti zake zimekunjamana. Aliuliza ni za nini. Nikasema ni mradi. Akasema mradi ni neno la mtu anayetaka kitu.

Sasa sabuni ninayo. Njia sina. Mvua kidogo mchana.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekutana na Phelesia kisimani. Aliniuliza kama shuleni tunashiba. Kisha, akijaza mtungi wake, akasema jambo la ajabu: tangu Nyanya afe, hakuna mtu anayemwazima karai. Zamani haikupita Alhamisi mbili au tatu kabla ya Nyanya kutokea mlangoni kwake. "Phelesia, niazime karai." Na ukutani kwetu, nyumbani kwa Nyanya, yananing'inia matatu! Akacheka, akajitwisha mtungi, akaenda.

Nilibaki pale hadi mbuzi wakaninywea maji ya ndoo.

Nakumbuka. Alhamisi nilikuwa nikitembea nyuma ya Nyanya, karai la watu kichwani kama kofia, nikiona miguu yake tu. Ijumaa alikaa kwenye kigoda, mche wa sabuni mapajani, na uzi wa katani aliouchomoa kwenye gunia. Aliuzungusha uzi, akauvuta pole, na kipande kikaanguka bila kelele, kinyoofu kama ukuta. Mabaki yalikuwa yangu. Niliyafinyanga yakawa mpira, na mpira huo nilioga nao wiki nzima. Kisha karai lilirudi kwa mwenyewe, ndani yake sabuni, juu yake kitambaa. Kwetu chombo cha kuazima hakirudi kitupu, hata iwe ni chumvi kidogo utatia. Aliyepewa hakuwa na haja ya kushukuru. Yeye ndiye aliyeazimwa.

Nilimuuliza Mama kama Nyanya aliwahi kukosa karai. Mama aliacha kuchambua maharagwe. Akasema, polepole, kwamba mama mkwe wake hakukosa karai hata siku moja.

Nililia kidogo. Kisha nikaanza kupanga.

Nyanya alikuwa akiazima nyumba moja kwa wiki. Kwa heshima zote, huo ni mwendo wa kinyonga. Mimi nasoma Somo la Biashara. Nitaazima makarai ya nyumba zote zenye shida, kwa siku moja.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefanya mazoezi mbele ya mbuzi. Shikamoo mama, naomba kuazima karai lenu hadi kesho. Mbuzi alielewa.

Kwa mamake Benard, nyumba ya kwanza, sentensi iliniishia. Nilichoweza kutoa ni: "Karai. Nyumbani. Leo." Na kwa ile aibu macho yakajaa machozi. Mamake Benard alishika mdomo. Akanipa makarai mawili.

Kwa Oyaro, nyumba iliyofuata, ikawa hivyo hivyo. Nilipofika nyumba ya nne nilikuta karai limeshawekwa nje, linaningoja. Watu walinishika mkono wakakataa kuuachia. "Mos, nyathina," walisema. Pole, mwanangu. Nikawaza, watu wetu wana upole, na hatusemi. Phelesia alinipa karai lake, akaongeza na sufuria. Akauliza Baba yuko wapi. Nikasema alikwenda Kegonga Jumatatu kununua mahindi, na simu yake imezima. Phelesia akaangalia chini.

Kufikia alasiri makarai yalikuwa yamejipanga ukutani, yanang'aa. Nilijisikia kama jenerali.

Kisha akaingia mwanamke na mzigo wa kuni. Akautua, akaketi chini. Akaja mwingine na unga. Kisha watatu pamoja. Mama alirudi kutoka shambani na jembe begani, akawasalimu, akauliza kuna nini. Wakaanza kulia.

Hapo ndipo nilipokumbuka ni wakati gani mwingine, hapa Lambwe, mtoto hutumwa nyumba kwa nyumba, macho yana machozi, kukusanya makarai.

Mama alieleza. Akaeleza tena. Walimwambia kwamba kila mtu hupokea msiba kwa namna yake. Simu ya Baba bado imezima. Maxwell alikuja akajitolea kuwa katibu wa kamati ya mazishi.

Ijumaa, 8 Agosti

Wamerudi, na wenzao.

Shangazi Nyatichi tulimsikia kabla hatujamwona. Habari za msiba zilikuwa zimemfikia Migori, naye alilia tangu barabarani. Hata hivyo katoni ilikuwa kichwani, maana kwenye msiba, alisema baadaye, vyombo vya kuosha havikosekani. Alimkumbatia Mama, akamkumbatia mamake Benard, akamkumbatia Maxwell.

Ndipo pikipiki ikasimama langoni. Abiria akashuka na gunia la mahindi. Alikuwa Baba.

Watu walirudi nyuma. Bibi mmoja alimwomba aseme neno, lolote. Baba akavua kofia kwa heshima na kuuliza aliyefariki ni nani. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia. Mwishowe Mama akamwambia. Baba alikwenda kwenye kiti cha mbele, akaketi, akauliza kama aliombewa vizuri. Kisha akaomba chai. Simu, alisema, iliangukia mtoni huko Kegonga.

Kicheko kilianza taratibu, kikazunguka ua mzima, na katikati ya kicheko hicho Phelesia akaangalia jua.

Ni Ijumaa, alisema. Hakuna aliyefua hata kitambaa. Na makarai yote yako hapa.

Ikawa mbio. Mama aliniletea uzi wa katani bila kuniuliza kitu. Niliketi kwenye kigoda cha Nyanya. Vipande vilitoka vimepinda, lakini vilitoka. Kila karai likapata kipande, chini yake pedi, juu yake kitambaa. Mama alikuwa akimkabidhi kila mwenyewe na kusema asante kwa kutuazima. Nao wakasema haidhuru. Hata waliotuazima makarai mawili hawakutoka na matupu.

Phelesia alikuwa wa mwisho. Aliinua kitambaa, akatoa kipande, akakigeuza kwenye mwanga.

"Nyanya yako alikuwa akikata," alisema. "Wewe umetafuna."

Kwa hiyo alijua. Miaka yote ile, mlangoni, akitoa karai kwa mtu mwenye matatu, alijua. Na Nyanya alijua kwamba anajua.

Akakirudisha kipande. Akasema, bila kuniangalia, kwamba hata ile ya chooni ilikuwa kijani hivi hivi. Akajitwisha karai, akaenda, na nilimsikia akicheka mpaka ng'ambo ya ua wa mkonge.

Jua lilipokaribia kuzama nilisimama langoni. Ua baada ya ua ulikuwa na nguo, hadi barabarani. Kisha upepo wa jioni ukaja, na ile harufu ikaja nao. Nilifumba macho. Kwa muda kidogo nilikuwa nyuma ya Nyanya tena, sioni kitu ila miguu yake. Mama aliniita mara mbili tufungue Sabato.

Jumamosi, 9 Agosti

Valary ameimba. Pindo la gauni lilikuwa halijakauka vizuri. Alipofika kwenye ubeti wake Phelesia aliangalia mikono yake mwenyewe, na nikaona amevaa vitambaa vyake vyote viwili vya kichwa, kimoja juu ya kingine, kwa furaha au kwa kusahau.

Maxwell aliziita familia zenye uhitaji. Hakuna aliyesimama. Akaita tena. Watu walijikagua kola. Pakiti zilikuwa mezani, kamera tayari. Hatimaye Baba, ambaye hawezi kuona mtu akiaibika, akainuka na kwenda mbele. Picha ikapigwa: Baba, suti yake ya harusi, pakiti ya pedi mkononi. Maxwell ameiweka kwenye kundi la kanisa. Watu kutoka Ntimaru wanauliza kama huyo ndiye marehemu.

Jumapili, 10 Agosti

Kutwa nzima nimetafakari.

Baba amekataza makarai. Mama ameshauri niazime moja moja, kama Nyanya. Mama hasomi vitabu. Ukweli ni kwamba mpango ulikuwa sawa kabisa. Kosa lilikuwa la chombo. Nani asiyejua kwamba karai huwakumbusha watu matanga? Mtu makini angeliona hilo mapema, na mimi sasa nimeliona.

Shangazi ana miswaki na dawa ya meno ambayo maboksi yake yamelowa. Atanitumia. Mswaki na dawa ni vitu vidogo, vinakaa vizuri kwenye kiti. Kwa hiyo wiki hii sitaazima makarai. Nitaazima viti. Vingi, vya nyumba zote, Alhamisi. Na kwa kuwa mvua imeanza kunyesha, nitaomba na turubai kubwa, nilifunge pale uani, viti vipangwe chini yake.

Safari hii hakuna atakayenielewa vibaya.