Kulijaza Darasa la Mjukuu Wangu

Jumatatu, 3 Februari

Mimi darasani sikuingia hata kufagia. Kalamu siijui, nasema, simu inaandika. Mjukuu wangu ndiye aliyeniwekea. Anasomea ualimu, na sasa anajifunza kufundisha kwenye shule ya hapa mtaani. Kila jioni chuo kinamtaka aandike tafakuri, kisha ananisomea. Leo kaandika kwamba kishikwambi ni chombo tu, kama chaki, na kwamba mzazi ana haki ya kumchagulia mwanawe shule.

Haki! Darasa lake linayeyuka kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni! Wazazi wanawahamishia watoto ng'ambo ya barabara, shule mpya, kila mtoto na kishikwambi chake cha kupapasa. Naiita Shule ya Vioo. Ijumaa mkaguzi wa chuo anakuja kumpima mjukuu wangu. Mwalimu mkuu kasema watoto wakizidi kupungua, darasa linavunjwa, naye atarudia mwaka mzima. Mtoto niliyemlea mgongoni mwangu! Thubutu!

Jumanne, 4 Februari

Nimeamkia bombani. Nikawatangazia kina mama kwamba vishikwambi vinakausha macho ya watoto. Wakashika vifua. Nilikuwa nashinda!

Akatokea jirani yangu, fundi cherehani, mdomo mkali kuliko mkasi wake. Yeye ndiye anayeshona sare za Shule ya Vioo. Akaniuliza mbele za watu, bibi wee, mbona yako yamekauka na kishikwambi hujakigusa? Wakacheka mpaka ndoo zikafurika.

Mchana wawili kati yao wamekwenda kwake kuwapima watoto sare. Walikuwa hawajui kama shule ile ina vishikwambi. Nimewaambia mimi. Ulimi huu!

Alhamisi, 6 Februari

Mjukuu hajala. Tafakuri hajaandika hata neno. Kasema anafundisha madawati matupu. Nikamwambia alale, bibi yake hajafa. Akashtuka, akanishika mikono, akaniomba nisifanye kitu chochote. Nikamwapia.

Kiapo cha mapenzi hakihesabiwi. Mkaguzi anataka vichwa, vichwa atapata.

Ijumaa, 7 Februari

Asubuhi nilisimama njiani wanakopita watoto wa Shule ya Vioo. Nikawaambia leo wanasoma upande huu. Wakanifuata kama vifaranga. Nani mtaani hapa sijamfuta kamasi?

Darasa likajaa pomoni! Mjukuu akaniona nimeketi dawati la nyuma, midomo ikampauka. Mkaguzi akauliza mbona sare za rangi mbili. Nikamjibu kwa sauti kwamba nyingine zimefuliwa. Mjukuu akafundisha kugawanya kwa kokoto, akafundisha vizuri mpaka nikapiga kigelegele. Lakini wale wageni! Mmoja alikuwa anapangusa dawati kwa kidole, anangoja liwake.

Mara vilio nje. Fundi cherehani mbele, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, wazazi nyuma yake, wanauliza nani kawaiba watoto. Mjukuu wake mwenyewe alikuwa dawati la kwanza! Akaniita mwizi wa watoto. Nikamwambia wake nilimchukua kwa makosa, nani angemtaka kwa kusudi. Mkaguzi akafunga mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Mjukuu wangu kajifungia chumbani. Nimeweka sahani mlangoni, imepoa. Nimeipasha, imepoa tena. Nimekwisha mimi. Heri angenitukana.

Jumatatu, 17 Februari

Chuo kimemwonea huruma! Atapimwa upya, shule nyingine. Kakataa kunitajia ni ipi. Kanikumbatia, kasema ananipenda, ila nikae nyumbani, tafadhali.

Sikumwuliza. Nimemfuata tu kwa mbali, nikachungulia dirishani.

Loo, msiba! Watoto wamebanana kama kuni kwenye mzigo, wengine wameketi sakafuni, sauti yake haifiki nyuma. Mkaguzi akiona fujo ile atamfelisha mchana kweupe! Na mjukuu mwenyewe, maskini, anatabasamu, hajui hatari iliyopo.

Kesho alfajiri nitakuwa langoni. Nusu yao nawarudisha makwao.