Marumaru Zangu Chini ya Majani

Jumatano, 28 Nehase

Nimedharauliwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe! Shimelis, kaka wa mke wangu, anayekaa ng'ambo ya barabara, ametandika mbao sebuleni kwake na mtaa mzima hausemi kingine. Leo kaja kunywa kahawa, kaitazama saruji yangu, kasema, "Shemeji Demissew, pole." Pole! Kwani nimefiwa?

Mbao hata mimi ninazo, zimeegemezwa ukutani. Lakini ni za chumba cha Emama, mama mkwe. Magoti yake hayataki baridi ya saruji. Mke wangu Yeshimebet kasema wazi: Mwaka Mpya ukimkuta mama yake juu ya saruji, atamhamishia kwa Shimelis, na yeye atamfuata. Imebaki wiki moja: Nehase inaisha, siku tano za Pagume, kisha Meskerem mosi. Vitisho vya wanawake.

Jumamosi, 1 Pagume

Nimepata jawabu! Mbao nimezirudisha dukani, nikabadilishiwa marumaru nyeupe za sebule, zinazong'aa mpaka unaona meno yako. Wageni wanaingia sebuleni, hawaingii chumbani kwa Emama! Huko nitatupia mkeka. Yeshimebet kauliza mbao ziko wapi. Nimemwambia zinakaushwa.

Fundi Bereket naye eti hizi ni za ukutani, zikilowa zinateleza. Fundi gani anamfundisha mteja! Nimemwambia apige kazi.

Jumatatu, 3 Pagume

Sebule tayari. Nimekaa nikaitazama mpaka chai ikapoa. Emama kapita, kajifunika shuka mabegani, kasema inang'aa kweli, majani ya sikukuu yatapendeza juu yake.

Majani! Yalinitoka kichwani kabisa. Siku ya Mwaka Mpya sakafu yote ya sebule hufunikwa majani mabichi, ndipo kahawa ikaangwe. Yaani Shimelis aje kutazama malisho? Haiwezekani!

Jumatano, 5 Pagume

Kazi imekwisha. Mama muuza majani wa pale kona nimemnunulia mzigo wote, nikaupeleka kwa kondoo wa sikukuu wa Shimelis. Kala bila kushukuru, sawasawa na bwana wake. Emama katoka kutafuta majani, karudi mikono mitupu, analalamika hajapata kuona mwaka wa namna hii. Nikamwonea huruma kwa sauti.

Alhamisi, 1 Meskerem

Nani kawatuma wale wasichana! Alfajiri wamejaa mlangoni wanaimba nyimbo za Mwaka Mpya, mikononi maua ya njano na mafungu ya majani. Emama kawabariki mmoja mmoja. Kufumba na kufumbua, sebule yangu imekuwa bonde.

Shimelis kaja, kala mkate wa injera na mchuzi wa kuku mpaka kalamba vidole, hajatazama chini hata mara moja. Nikavumilia. Kahawa ilipoanza kunukia nikashindwa. Kwa ncha ya kiatu nikasukuma majani taratibu, nikafungua kidirisha cha ukubwa wa sahani mbele ya miguu yake. Kikang'aa! Yule mtu akaendelea kutafuna bisi.

Nikakipanua, kikawa sinia. Hapo ndipo Emama alipokuja na birika lake la udongo, akakanyaga katikati ya sinia lililolowa maji ya majani, akateleza. Shimelis alimdaka kabla hajafika chini, hilo nampa. Birika halikudakwa. Emama alilirithi kwa marehemu mama yake.

Kisha Emama, bado mikononi mwa mwanawe, akaniuliza polepole, "Demissew mwanangu, mbao zangu zimekauka?"

Ijumaa, 2 Meskerem

Wamehama, wote wawili. Yeshimebet hakupiga kelele. Kabeba mto wake tu, kasema, "Haya, baki na kioo chako." Kutoka dirishani nawaona kwa Shimelis. Emama kavua viatu, kanyoosha miguu juu ya mbao, anacheka. Dharau iliyoje!

Nimefagia majani yote. Sasa sakafu yangu inaonekana kona hadi kona, na hakuna aliyekuja kuitazama. Nimekula injera ya jana peke yangu, miguu inaniuma kwa baridi. Simwambii mtu, ila nyumba ni kubwa mno.

Jumamosi, 3 Meskerem

Nimetafakari. Wakirudi, watarudi kwa sababu ya chumba cha Emama. Ni haki yake, mama wa watu! Nimemwita Bereket tukakipime. Kauliza kwa furaha kama anunue mbao.

Mbao za nini? Zimebaki boksi mbili za marumaru, na chumbani hakuna atakayetandaza majani.