Meno Nyuma, Kipara Mbele

Jumatatu, 16 Januari

Tangazo limebandikwa kwenye kontena la yule mama wa baiskeli, 'M'e 'Malineo. Nyumba ya wageni ya kule juu inataka mtu mmoja wa kuongoza wageni wa baiskeli milimani. Mmoja tu! Atapatikana Jumamosi kwa mashindano: lami kutoka njia panda, halafu changarawe, halafu njia ya farasi kupanda hadi Lekhalo, kipito cha juu mlimani, halafu kushuka upande wa pili hadi mtoni. Wa kwanza kugusa maji ndiye mwenye kazi.

Kazi ni yangu. Njia ile nimeipita juu ya farasi miaka ishirini, mpaka farasi mwenyewe akafa.

Tatizo ni Seabata, mdogo wake mke wangu. Naye kajiandikisha! Ana kondoo sitini kule motebong, kambi ya mifugo juu ya mlima, na bado anatamani kazi za watu. Mke wangu 'Mathato kasema mambo ni mepesi: mmoja wetu ataongoza wageni, mwingine atapanda motebong kuchunga kondoo mpaka baridi ianze. Nikamwambia kuchunga ni kazi ya wavulana, mimi nina miaka arobaini na mitatu na ndevu juu. Akasema kondoo hawaangalii ndevu.

Jumanne, 17 Januari

Tairi. Zangu zote mbili vipara. Nimekwenda kwa 'M'e 'Malineo, ambaye anauza na kutengeneza baiskeli, na ambaye hawezi kukuuzia hata msumari bila kukupa somo. Kuna tairi la mpira laini, meno marefu. Hilo linang'ang'ania jiwe hata likiwa na maji, lakini kwenye lami linaisha kama sabuni. Kuna la mpira mgumu, meno mafupi. Hilo linakimbia na linadumu, ila kwenye mawe linateleza. Njia yangu ni mchanganyiko, basi nichukue moja la kila aina. Laini mbele, gumu nyuma. Mbele ndiko kunakoshika kona, nyuma ndiko kunakolika. Na upepo usijae sana.

Mbele! Nilicheka mpaka akaniuliza kama ninaumwa. Mama wa watu hajakaa kwenye tandiko hata siku moja. Farasi anapanda mlima kwa mapaja ya nyuma. Mosotho gani asiyejua hilo? Nguvu iko nyuma, basi na meno yakae nyuma. Akasema baiskeli si farasi, Ntate Potlako. Nikamwambia ndiyo, farasi ana akili, ndiyo maana tunajifunza kwake. Nimenunua zote mbili, nimezifunga mwenyewe nyumbani. Laini nyuma.

Jumatano, 18 Januari

Mpango! Seabata bado hajachagua tairi. Akifuata ushauri mbovu, kwisha habari yake. Na ushauri mbovu ninao, nimepewa jana bila kuuomba!

Nimemkuta kwenye mipichi yake. Nikavaa uso wa huruma. Nikamwambia shemeji, mashindano ni mashindano lakini sisi ni nyumba moja, ngoja nikufungulie siri. Nikammwagia yote, neno kwa neno: laini mbele, gumu nyuma, upepo usijae sana. Akanitazama kwa shaka. Akauliza mbona mimi nimefunga kinyume. Ana macho huyu mtu! Nikasema ni mgongo wangu, daktari kanishauri.

Akaamini. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanijazia ndoo ya mapichi. Nimekula sita njiani. Matamu kweli. La saba sikulimaliza.

Alhamisi, 19 Januari

Mazoezi. Mvua ilinyesha asubuhi, mlimani kuna matope, kwa hiyo nimebaki kwenye lami. Pia lami ndiko kuna watu. Nimepita mbele ya stendi ya teksi mara tisa. Tairi la nyuma lilikuwa linaimba vuuuu, watu wakageuka wote. 'Mathato alikuwa anatoka sokoni. Akauliza najiandaa kupanda mlima au kuoa.

Jioni nikageuza baiskeli. Meno ya nyuma yamelika katikati! Siku moja tu! Nikarudi kontena na hasira zangu, nikamwambia 'M'e 'Malineo kaniuzia mkate. Akalitazama tairi, akaitazama lami, akanitazama mimi. Akauliza kwa upole, Ntate, nilikuambia nini? Akasema nimwachie baiskeli, atazibadilisha tairi sasa hivi wala hataki chochote. Kulikuwa na wateja watatu wanasikiliza. Ningekubalije? Nimeondoka na baiskeli yangu.

Ijumaa, 20 Januari

Mvua tena. Seabata kapita kuonyesha tairi zake mpya. Kazifunga vilevile nilivyomwambia. Jitu zima, halina hata wazo moja la kwake! Dada yake kampakulia papa, ugali wetu, na mboga za moroho mpaka sahani ikalia. Mimi nikakuta sufuria tupu.

Halafu nikaona blanketi langu zito limeanikwa chini ya paa la kibanda. Nikauliza la nini, huu ni mwezi wa kwanza. 'Mathato akasema motebong ni baridi hata mwezi wa kwanza. Mtu anafua kabla ya mashindano! Mke wangu mwenyewe! Nimejaza upepo tairi zote mpaka pampu ikakataa. Farasi hakimbii kwa kwato laini.

Jumamosi, 21 Januari

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia hauna ngozi.

Kwenye lami nilikuwa wa tano. Kwenye changarawe wa tatu. Kupanda Lekhalo nilikuwa wa kwanza! Wa kwanza! Nilimpita Seabata, ulimi wake nje, nikamwambia anisalimie kondoo. Pale juu niligeuka, wote wako chini huko, wadogo. Niliona kazi yangu. Niliona fulana yenye jina langu.

Basi nikaanza kushuka. Mawe yalikuwa bado yana maji. Kona ya kwanza nikakata usukani, usukani ukakata, baiskeli ikaenda zake mbele. Nikaingia kichaka cha miiba. Kona ya pili, vilevile, ila hakukuwa na kichaka. Kona ya tatu alikuwepo mzee anapanda na farasi, nikampita nimekaa chini, baiskeli inanifuata. Akaniuliza kwa adabu, Ntate, unakwenda wapi? Nikamwonyesha mto kwa kidole.

Seabata akatokea. Kona zote anazikunja kama anakunja shuka. Na akasimama! Aliacha mashindano akasimama kuniuliza kama nimevunjika. Nikamwambia napumzika. Akaenda.

Nilifika mtoni wa nane, baiskeli begani. 'M'e Limpho, msimamizi wa nyumba ya wageni, alikuwa tayari amemvalisha Seabata fulana. Na Seabata akainua mkono, akawaambia watu wote kwamba ushindi huu ni wa shemeji yake, Ntate Potlako, yeye ndiye aliyemchagulia tairi. Makofi! Vigelegele! 'M'e 'Malineo alikuwepo. Alijifunika uso kwa shali, mabega yanatikisika. Aibu niliyoiona sijapata kuiona tangu nizaliwe. Nilitamani mto unichukue, lakini maji yalikuwa ya kifundo cha mguu.

Jumapili, 22 Januari

'Mathato kanisafisha vidonda kwa maji ya chumvi. Hakucheka. Akasema alitaka nishinde, kwa sababu hapendi kula peke yake, na nikienda kule atakula peke yake miezi mitatu. Nilitaka kumwambia kitu. Nikasema ilikuwa ni mvua. Akaendelea kukunja blanketi.

Jumanne, 7 Februari

Motebong. Ukungu, mbwa wawili, kondoo sitini. Mmoja ananichukia waziwazi.

Nimefikiri sana, na kosa nimelipata. Tairi la nyuma nililimaliza mwenyewe kwenye lami siku ile ya Alhamisi. Lingekuwa zima, lingeisukuma baiskeli mpaka ikakata kona yenyewe. Jambo liko wazi kabisa, sijui kwa nini sikuliona mapema.

Na leo mambo yamenyooka! Seabata kapita na wageni wake wa kwanza, watatu, kutoka Bloemfontein. Kawaacha kwangu wanywe uji, akavuka kijito kumtazama kondoo anayechechemea. Nikazichungulia baiskeli zao. Laini mbele, gumu nyuma, zote tatu! Nikawaonea huruma. Nikawaeleza habari ya farasi, taratibu, bila hasira. Walisikiliza. Mmoja akatoa daftari akaandika! Mimi sijawahi kuandikwa na mtu. Kondoo naye hakutaka kushikwa, kwa hiyo tulipata muda wa kutosha kuhamisha tairi zote, na mgeni mmoja akajaza upepo mpaka pampu ikakataa. Wamenishukuru sana. Wamesema wakifika chini watamweleza 'M'e Limpho habari zangu, nami nikawatajia jina langu mara mbili wasije wakasahau.

Nawaona kutoka hapa, Seabata mbele. Ndio wanaanza kushuka Lekhalo, na manyunyu yameanza.