Msomaji wa Salamu Anayeona Haya Jikoni Kwetu

Kwihara, Tabora
23 Julai 1957

Kwa Bwana Msomaji wa Salamu,
Redioni, Dar es Salaam.

Bwana mpendwa,

Kwanza nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka jana mwalimu aliponiita nisome mbele ya darasa, nilisingizia jino. Jino lilikuwa zima, niliona haya. Kwa hiyo ugonjwa wako naufahamu. Lakini mimi sikuajiriwa kusema. Wewe umeajiriwa.

Redio yetu nimeiunda mwenyewe likizo hii, kwa vipande vilivyokuja katika sanduku pamoja na karatasi ya maelezo. Karatasi nimeisoma mara sita, hivyo kosa haliwezi kuwa langu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mjomba Anton, anayekata mkonge Tanga, alituandikia kwamba salamu zake kwa mama yake zitasomwa kila Jumamosi ya mwezi huu. Bibi Apolinaria hajaitikia shikamoo ya mwanawe kwa miaka minne, tangu aende huko. Jumamosi ya kwanza nilikuwa peke yangu katika chumba cha baridi, nawe ulisoma vizuri sana. Nikaibeba redio hadi jikoni, nikaiweka karibu na moto, mahali pa wageni. Ulipoona watu, ukanyamaza.

2. Jumamosi ya pili Bibi alivaa kanga mpya. Ulifika kwenye "Anton wa Tanga anamsalimu mama yake", ukakatika. Jirani yetu Ng'washi akacheka: "Huyo Anton wenu amemeza ulimi?" Bibi akamjibu, "Koma wewe! Mwanangu haogopi mtu. Mwoga ni huyo wa ndani ya sanduku." Nilitaka kukutetea, ila palikuwa na watu.

3. Jumamosi iliyopita tulikuhurumia. Watu kumi na mmoja tuligeukia ukuta ili usituone, hata Mzee Kornel mwenye mgongo mbaya. Hukusema neno. Nilipoirudisha redio chumbani, baada ya muda ukaanza kusoma bei ya pamba kwa sauti ya furaha. Hiyo, Bwana, ni dharau.

Naomba basi uletwe Kwihara kwa treni, upate matibabu. Utasoma mbele ya mbuzi wawili; ukizoea, mbele ya watoto, halafu kwaya ya kanisani, na mwisho Ng'washi. Mimi nimeshaanza na mbuzi na naona nafuu. Fanya haraka, imebaki Jumamosi moja tu.

Bibi anakusalimu, ingawa amekasirika. Mzee Kornel na mgongo wake wanakusalimu. Wasalimie wote hapo redioni, hasa wasioona haya.

Mimi nikuheshimuye,
Eustace Masolwa, Darasa la Nane

Tanbihi, 28 Julai: Nilipotaka kufunga bahasha, redio ilinukia asali. Nikaifungua. Dawa ya kupaka kabla ya kulehemu niliimwaga siku ya kwanza, nikapaka nta badala yake, maana kwetu mizinga na vibuyu vyote huzibwa kwa nta. Lehemu haikushika. Penye baridi nta iliushikilia waya. Karibu na moto ililegea, waya ukaachia.

Nilikwenda mjini kwa Yoramu, fundi wa taa, akanipa dawa kidogo. Nikakwangua nta yote, nikaupasha waya wenyewe moto kwanza, ndipo nikatia lehemu. Jana nilisimama jikoni mbele ya watu wote kumi na mmoja nikasema kosa lilikuwa langu. Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. Kisha ukasoma, "Mama, shikamoo." Bibi akaliinamia sanduku, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akangoja. Ng'washi hakucheka.

Malalamiko yote nayafuta. Barua naituma hata hivyo, kwa sababu Bibi ameniagiza uichukue hiyo marahaba, umfikishie Anton.