Nilivyomuua Mama Mkwe Kwenye Runinga

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa meneja. Ninayemsimamia bado hajaambiwa, lakini hilo ni jambo dogo.

Ilikuwa hivi. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anaishi nasi na anakanda unga kwenye kiwanda cha mikate tangu ana miaka kumi na saba. Kumbe wiki iliyopita, siku yake ya mapumziko, alikwenda kimyakimya kwenye mchujo wa Koo la Dhahabu, lile shindano la kuimba la kwenye runinga. Watu elfu mbili kwenye foleni. Wamebaki kumi na wawili. Yeye mmojawapo. Akarudi nyumbani na namba ya karatasi kifuani, akaanza kuosha vyombo kana kwamba alikuwa ametoka dukani. Mke wangu ndiye aliyeiona ile namba.

Anaimba soul. Mimi muziki huo nilikuwa siujui. Nilidhani ni mtu anayeumwa jino kwa mpangilio. Nikamwomba aniimbie kidogo hapa kwenye chumba changu cha cherehani. Vinyweleo vilinisimama. Bahati mbaya nilikuwa nimeshika pasi. Suruali ya mteja imeungua gotini. Nimeweka kiraka cha duara, na cha pili goti la upande wa pili, adhani ni mtindo.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara keshabandika tangazo dirishani: NYOTA WA KOO LA DHAHABU HUPITA HAPA KILA ASUBUHI. Hupita tu! Hata mbwa hupita. Langu nimeliandika kwa herufi kubwa zaidi: FAMILIA YAKE NI SISI.

Jumatano, 5 Machi

Nimemweleza shemeji habari ya umeneja. Alikuwa ndiyo kwanza anatoka kazini, unga umemfika viwikoni. Akasema ananishukuru sana, ila anachohitaji ni mtu wa kumshonea gauni moja la kawaida, kisha amwache apumue. Nimelichukua hilo kama ndiyo.

Nimemtungia jina la jukwaani: Malkia wa Machozi. Akasema jina analo, alipewa na mama yake, na halijachakaa. Nikamwambia msanii bila jina la jukwaani ni kama koti bila vifungo. Akasema koti lake ni la zipu.

Gauni nimeshona. Nilitia manyoya mabegani. Alipolijaribu alipiga chafya tisa mfululizo, mke wangu akahesabu. Manyoya yametolewa.

Jumamosi, 8 Machi

Kipindi cha kwanza, saa kumi jioni, moja kwa moja. Tulikaa mstari wa sita, mke wangu na mimi. Shemeji aliimba vizuri kuliko wote. Sisemi kwa upendeleo, hata fundi wa taa za jukwaani alisimamisha kazi kusikiliza. Matokeo: wa nane. Wa nane ndiye wa mwisho kupita!

Wa kwanza ni fundi bomba mmoja. Anaimba kama ndoo inayoburutwa sakafuni. Lakini kabla hajaimba walionyesha filamu fupi ya maisha yake: nyumba iliungua, mchumba alimkimbia, kasuku wake akafa. Ukumbi mzima ulikuwa unalia hajafungua hata mdomo.

Nimeielewa biashara hii. Kura haziendi kwenye koo. Zinaenda kwenye msiba.

Jumatatu, 10 Machi

Watu wa runinga wamekuja kurekodi maisha ya shemeji. Walifika mapema, yeye akiwa bado kazini na mke wangu yuko kwenye duka lake la dawa. Nilikuwa peke yangu. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni, kitana mkononi, anakohoa ili aulizwe kitu. Ningefanya nini? Nikawahi mimi.

Binti mwenye maikrofoni aliniuliza shemeji alikulia wapi, amelelewa na nani. Nikasema ukweli, kwamba baba yake alifariki yeye akiwa mdogo. Jicho la yule binti likalowa. Jicho moja tu. Nililiona, nikalisikitikia lile la pili lililobaki kavu.

Akauliza, "Na mama yake?"

Nikasema, "Naye."

Sikusema amekufa. Naweka hilo wazi hapa. Nilisema "naye", nikatazama chini. Kamera ikageukia picha ya mama mkwe ukutani. Juu yake nilikuwa nimechomeka ua la plastiki kuficha msumari. Binti akafuta macho yote mawili.

Mama mkwe yu mzima wa afya, anafuga kuku mwendo wa saa mbili kwa basi kutoka hapa. Ila runinga yake ni mbovu tangu mwaka jana. Mimi ndiye niliyeahidi kuipeleka kwa fundi. Haraka haraka haina baraka.

Jumamosi, 15 Machi

Filamu ilionyeshwa kabla shemeji hajaimba. Alikuwa amesimama jukwaani, anaitazama kwenye skrini kubwa kama sisi wengine. Lilipofika neno "naye", niliona bega lake moja limeshuka. Picha na ua vikatokea. Muziki wa filimbi. Ukumbi ukalia.

Akaimba. Sauti ilimkatika mara mbili. Watu walidhani ni majonzi. Mimi namjua, zilikuwa hasira.

Amekuwa wa kwanza kati ya watatu walioingia fainali. Kura nyingi kuliko za fundi bomba na kasuku wake. Nilimgeukia mke wangu tupeane mkono. Aliutazama mkono wangu kama mtu anayetazama risiti asiyoielewa. Nyumbani alivua viatu kwanza.

Akasema, "Umemuua mama yangu."

Nikaanza kueleza tofauti kati ya "naye" na "amekufa". Simu ikalia. Mama mkwe. Alikuwa ameangalia kipindi kwa jirani, mtaa mzima umejaa sebuleni. Wenzake waliangua kilio huku yeye mwenyewe amekaa katikati yao ameshika kikombe.

Jumapili, 16 Machi

Mama mkwe ameshuka kwenye basi la kwanza. Mkononi ana mashada mawili ya maua. Ni ya msiba wake, yaliachwa mlangoni kwake na watu waliotazama kipindi majumbani mwao. Akaomba ndoo ya maji, akayaweka. Alisema maua mazuri hayatupwi kwa sababu ya mwongo mmoja.

Kisha akakaa kiti cha wateja, akaniita nisogee.

"Mkwe wangu, niliugua nini?"

Nikasema, "Hatukufika huko, mama."

"Niliteseka?"

"Hapana, mama."

"Afadhali," akasema, akaomba chai.

Nilipendekeza akae ndani wiki moja tu, mpaka fainali ipite, mapazia yafungwe. Akaniuliza kama nimeona mzee wa miaka sitini na tisa anafichwa kama mbuzi wa wizi. Wakati huohuo Kinyozi akamwona dirishani. Akavuka barabara, povu la sabuni bado liko mkononi, kuja kunipa pole ya msiba. Alitabasamu mpaka masikioni.

Shemeji alikuja baadaye. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye rundo la vitambaa, akasema polepole:

"Shemeji, nimeimba miaka kumi mbele ya tanuri, hakuna aliyenisikia. Jana watu wote walisikia. Ila hawakunisikia mimi. Walimsikia yatima wako."

Akasema Jumanne ataenda kuwaambia watu wa runinga ukweli, wakimtoa wamtoe.

Nimeshona vifungo mchana kutwa. Vingine kwenye nguo ambazo hazikuhitaji vifungo.

Jumanne, 18 Machi

Shemeji na mama yake wameingia ofisi za runinga saa tatu asubuhi. Mimi niliachwa kwenye benchi la korido, karibu na ndoo ya mfagizi. Nilichokiandika hapa nimeambiwa na mama mkwe, naye husimulia akijipendelea.

Walikuta wakubwa watatu mezani. Mmoja alitaka shemeji atolewe papo hapo, kwa kuwa kanuni ya sita inakataza habari za uongo. Shemeji akasema hapingi, kosa lilitoka nyumbani kwao. Hakunitaja. Hilo limeniuma kuliko kama angenitaja. Mama mkwe akatoa kitambulisho chake, akakiweka juu ya meza, akauliza kama kanuni ya sita inamruhusu marehemu kutoa maoni. Mkubwa wa kike akacheka mpaka akavua miwani.

Uamuzi: kura zote za Jumamosi zimefutwa, ataanza na sifuri wakati wenzake wawili wa fainali wana zao. Na lazima aseme ukweli mwenyewe, mbele ya kamera, kabla ya kuimba. Akikubali, aimbe.

Amekubali.

Mimi nimepigwa marufuku kukanyaga jengo lile. Wamebandika picha yangu kwa mlinzi getini. Wamenipiga kwa upande, pua imetoka kubwa.

Jumamosi, 22 Machi

Fainali. Wanawake wote watatu wameondoka mapema, na mke wangu ameondoka na ufunguo wa nyumba. Runinga imo ndani. Mimi nje. Mtaani runinga nyingine ya karibu ni moja tu.

Nimeingia kwa Kinyozi kichwa chini. Alifurahi kupita kiasi. Akanikalisha kiti cha mbele kabisa, akanivisha shuka, akasema nitatazama nikinyolewa, hawezi kumwacha mfiwa katika hali ile. Alikuwa amemaliza upande wa kushoto wa kichwa shemeji alipotokea.

Alivaa lile gauni langu la kijivu, lisilo na chochote. Akashika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Wiki iliyopita mliambiwa mama yangu amekufa," alisema. "Mama yangu ni yule pale, mstari wa pili, gauni la bluu."

Mama mkwe akasimama, akapunga mkono kama waziri. Ukumbini kikatoka kicheko kimoja, halafu vicheko vyote.

"Aliyesema hivyo ni shemeji yangu. Ni fundi mzuri sana wa nguo." Wakacheka tena. Alingoja wanyamaze. "Sina hadithi ya kuwaliza. Nakanda unga. Kura nina sifuri. Mkinisikia, mnisikie mimi."

Akaanza chini kabisa, kama mtu anayezungumza na mwenzake jikoni asimwamshe aliyelala. Akapanda taratibu. Alipofika juu aliinua mkono wa kulia mpaka mwisho, nikashika roho, maana mshono wa kwapa pale niliuvuta kidogo. Ulishika! Sauti haikukatika hata mara moja. Wembe wa Kinyozi ulisimama juu ya sikio langu, macho yake yako kwenye runinga. Nilimwomba auweke mezani. Akauweka, akalia waziwazi. Mimi pia macho yalitoa maji. Nywele ziliniingia.

Ameshinda. Alimpita fundi bomba kwa kura chache mno, lakini kupita ni kupita. Mama yake alipanda jukwaani bila kuitwa, akamfuta jasho kwa kiganja, mbele ya nchi nzima. Kinyozi na mimi tulikumbatiana, kisha tukaona aibu, tukaachana. Nimetoka pale na nusu ya nywele. Hakuna aliyekumbuka nusu ya pili, hata mimi.

Jumatatu, 31 Machi

Wimbo wa shemeji unalia kila duka la barabara hii. Kazi ya mikate ameaga Ijumaa, wenzake wakamwimbia yeye kwa mara ya kwanza, vibaya sana, akalia sana. Wiki ijayo anaanza ziara ya miji sita.

Meneja amempata. Ni mke wangu. Anasoma mikataba kama anavyosoma maelekezo ya dawa, neno kwa neno, na kidole. Amenipa mimi mkataba pia: fundi rasmi wa mavazi. Kipengele cha nne kinasema sitazungumza na mwandishi yeyote wa habari, kamera yoyote, wala binti yeyote mwenye maikrofoni. Nimetia sahihi. Shemeji alinishika mkono, akasema yamekwisha. Nyumba imetulia. Nimejifunza, na naandika hapa ili nisisahau: mdomo huponza kichwa.

Mama mkwe bado yupo kwetu. Leo alikuwa anamenya viazi, mimi napima mkono wa shati, nikasikia kitu. Anavumisha wimbo. Chini, polepole, kutoka tumboni. Nikaacha futi ya kupimia. Kumbe shemeji sauti hakuiokota njiani!

Na kuna shindano jipya limetangazwa asubuhi, kituo kingine kabisa, kwa waimbaji wa miaka sitini kwenda juu. Fomu nimechukua. Mama mkwe sijamwambia, amesinzia kitini na kisu mkononi, si vizuri kumshtua. Nimemjazia mwenyewe. Jina, umri, anwani, vyote vya kweli kabisa.

Kuna sehemu ya mwisho: Eleza pigo kubwa lililokupata hivi karibuni.

Hapo nilikaa muda mrefu nikitafakari makosa yangu yote. Kosa nimeliona. Nilimuua mtu mwenye nauli ya basi. Safari hii nimeandika kwamba amefiwa ghafla na mkwe wake mpendwa, fundi hodari, mtu wa watu, aliyekuwa akimtunza kama mama yake mzazi. Huyo hana wa kumlalamikia.

Wamejibu haraka. Wameguswa sana. Watakuja kurekodi Alhamisi saa nne, mke wangu atakuwa kazini.

Nitawafungulia mlango mwenyewe.