Habari za Fundi Cherehani na Mpira Mmoja Mwekundu

Enyi mlioketi na mlio njiani, enyi wenye kazi mikononi na wenye kuzikimbia, sogeeni! Wekeni vikombe chini, zimeni redio, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana habari niliyoibeba si ya kukatizwa. Wengine wamewasimulia wafalme waliobomoa ngome na majemadari waliovuka mito iliyofurika. Mimi sina mfalme wala mto. Nina fundi cherehani mmoja mwembamba, mwenye utepe wa kupimia shingoni hata siku za mapumziko, na nina mpira mmoja mwekundu. Na atakayecheka kabla sijafika mahali pa kucheka, naapa, nitaanza upya.

Palikuwa na ukumbi wa snuka ghorofani, juu ya duka la misumari na rangi. Ngazi yake ilikuwa nyembamba, wanene wakipishana humo kwa mazungumzo marefu. Ndani palikuwa na meza moja kubwa yenye kitambaa cha kijani, taa zilizoinamia meza, ubao wa matokeo, na benchi refu la mbao kwa wale ambao Mungu hakuwapa kipaji ila aliwapa macho ya kutazama.

Malkia wa meza ile alikuwa mke wa Fundi. Mchana alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, mwenye kuchoma sindano, mtoto akaja kushtuka imeshatoka. Jioni aliitwa Mkono Mtulivu, jina alilopewa na mahasimu wake wenyewe, nao hawakumpa kwa hiari. Akishika fimbo, mipira ilikwenda mashimoni kwa utiifu, mmoja baada ya mwingine, bila kelele wala manung'uniko.

Na shujaa wetu je? Bingwa wa Pindo, Mtawala wa Vifungo, aliyewahi kupunguza suruali ya bwana harusi, mwenyewe akiwa ndani yake? Yeye alikaa benchini akimshikia mkewe koti. Alimpenda, na alipenda kumtazama akicheza, lakini benchi lile lilimchoma. Pale mezani mkewe alikuwa na kicheko fulani ambacho nyumbani hakikusikika, kicheko cha mtu na mwenzake wa mchezo, na Fundi alitamani sana, nasema sana, kuwa upande wa kicheko kile.

Basi ikawa, mashindano ya wawili wawili yakiwa Jumamosi, yule daktari wa meno aliyekuwa akicheza na Mkono Mtulivu akahamishiwa mji mwingine. Ukumbi ukapata baridi. Akainuka muuza nyama, mtu wa mabega mapana na sauti pana zaidi, ambaye wote walimwita Bucha, akatangaza kwamba yuko tayari kuubeba mzigo huo mtukufu. Kabla hajamaliza kujisifu, sauti ikatoka benchini.

"Nitacheza mimi," alisema Fundi.

Ukumbi ulicheka mpaka chaki zikatikisika. Bucha akaweka mkono kifuani kwa huruma. "Fundi, ndugu yangu, usijitese. Wewe tushonee sare, sisi tutazichezea."

Mkono Mtulivu hakucheka. Alimgeukia mumewe, akanena. "Mume ni mume, na mwenzangu wa meza ni mwenzangu wa meza. Nyumbani nilichagua kwa moyo, hapa nachagua kwa jicho. Alhamisi jioni nitaweka mpira mweupe na mwekundu nitakapopenda. Uuingize ule mwekundu kwenye shimo la kona, pigo moja tu. Ukiuingiza, Jumamosi ni mimi na wewe. Ukiukosa, nitacheza na Bucha, na wewe utanishikia koti bila kununa. Umekubali?"

"Nimekubali," akasema shujaa, akaukaza utepe wake shingoni.

Kila shujaa ana mwalimu wake, na wa Fundi alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa Mkono Mtulivu, kinyozi kwa kazi na msemaji kwa maradhi. Asubuhi iliyofuata, ukumbi ukiwa mtupu, kinyozi alipanda jukwaa ambalo halikuwepo, akafungua kinywa.

"Shemeji! Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nimekata za mji mzima, na zilizobaki sakafuni zimenitosha. Sikiliza! Snuka haichezwi kwa mkono. Mkono ni mjumbe tu. Snuka inachezwa kwa kusimama. Asiyejua kusimama, hata umpe fimbo ya dhahabu, atapiga taa!"

"Sawa, shemeji. Nisimame wapi?"

"Subiri, sijamaliza hotuba."

Alipomaliza hotuba, ambayo nitawaepusha nayo kwa sababu nawapenda, ndipo mafunzo yalipoanza. Fundi akainama, na papo hapo akafumba jicho la kushoto, akakunja uso, akatoa na ncha ya ulimi.

"Unafanya nini?" aliuliza kinyozi.

"Nalenga."

"Unatunga uzi wewe! Fungua macho yote mawili. Huyu ni mpira, si tundu la sindano."

Basi wakamshinda adui wa kwanza, yaani jicho. Kinyozi akamfundisha asianze kuinama kabla hajaona njia: asimame wima nyuma ya mpira mweupe, atazame shimo, arudishe macho hadi kwenye mpira mwekundu, arudi hadi kwenye mweupe, na akishaiona njia hiyo aingie ndani yake kwa hatua moja bila kuipoteza. Akamfundisha kushusha kidevu mpaka kiguse fimbo. Na kwa kuwa mazoea yana tabu, alipokishika kidevu cha shemeji yake ili akielekeze, ulimi ulimtoka wenyewe: "Usitikisike, nina wembe." Fundi akakauka kama gogo, na mkao ukawa mzuri ajabu.

"Na la mwisho," kinyozi akasema, "ukishapiga, usiinuke. Kaa chini ulipo mpaka mpira utulie. Mwenye haraka ya kuinuka hupindisha pigo kwa kichwa chake mwenyewe."

Hayo yote Fundi aliyatii, na bado alikosa. Alikosa asubuhi ile, akakosa na iliyofuata. Mpira mwekundu uliukaribia mlango wa shimo, ukachungulia, ukagonga ukingo, ukarudi zake. Macho yalikuwa wazi, kidevu kilikuwa chini, kiwiko kilining'inia vyema, na kosa halikuonekana. Kinyozi alizunguka meza akijikuna, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akakosa la kusema. Fundi akalaza fimbo mezani.

"Shemeji, mwache dada yako acheze na Bucha," alisema. "Labda mimi ni mtu wa benchi tu."

"Piga mara moja tu, nikiwa huku chini," kinyozi akajibu, akapiga magoti sakafuni kutafuta chaki iliyomdondoka.

Fundi akainama. Na pale chini, katika giza la uvungu wa meza, kinyozi akaona jambo ambalo hakuna mwalimu wa snuka aliyewahi kuliona. Mguu wa kulia wa shujaa ulikuwa ukienda. Kisigino juu, vidole chini. Vidole juu, kisigino chini. Taratibu, kwa mwendo mmoja usiokatika.

"Shemeji," akauliza kinyozi kutoka uvunguni, "unashona nini?"

Fundi akatazama mguu wake kwa mshangao, kana kwamba ni wa mpangaji. Kumbe! Tangu ujana wake alikuwa akiinama juu ya kitambaa na kukanyaga cherehani, na mguu ule haukuambiwa kwamba kitambaa cha kijani ni kitambaa cha aina nyingine. Kila alipoinama, mguu ulijua kazi imeanza. Mguu ukienda, kiuno kilifuata; kiuno kikifuata, fimbo ilipinda; na hivyo mtu alikuwa akishindwa na uaminifu wa mguu wake mwenyewe.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha kinyozi akamrudisha mezani, akauvuta mguu ule nyuma, akaunyosha, akalikaza goti, na ule wa kushoto akauweka mbele umekunjwa kidogo. "Goti likikazwa hivi, mguu haupati nafasi ya kukanyaga," akasema. "Ukianza kushona, nitakuita kwa neno moja: cherehani!" Fundi akapiga. Mpira mwekundu ukaingia shimoni. Sauti yake, wasikilizaji wangu, ilimwingia Fundi mwilini kama maji ya kunywa.

Ikafika Alhamisi. Kinyozi alikuwa amewatangazia wateja wake wote, kichwa baada ya kichwa, na ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Mkono Mtulivu aliweka mpira mweupe karibu na ukingo, akauweka ule mwekundu mbali, umeelekea shimo la kona. Halikuwa pigo la kumdhulumu mtu, wala halikuwa la kumpendelea. Bucha alikunja mikono, akiwa na tabasamu lake lote.

Fundi akapaka ncha ya fimbo chaki. Akasimama wima, akatazama shimo, akarudisha macho, akaiona njia. Akavuta hatua. Hapo ndipo watu wa ngazini walipopisha, akaingia mwanamke mmoja mtu mzima, mstaafu wa ualimu wa hesabu, amejifunga mtandio wake vizuri, akiwapa watu salamu kulia na kushoto. Alikuwa mama yake kinyozi na Mkono Mtulivu, kwa maneno mengine, mama mkwe wa shujaa.

"Shikamoo, mama," akasema Fundi, fimbo imemlegea mkononi.

"Marahaba, mwanangu. Endelea, endelea, msinijali mimi." Akaketi kwenye kiti pekee kilichobaki, na kiti hicho kilikuwa nyuma kabisa ya Fundi.

Enyi wenye wakwe, mmeshanielewa! Maana kuinama kama alivyofundishwa kulikuwa kumgeuzia mama mkwe, hadharani, upande ule wa mwili ambao mkwe hapaswi kugeuziwa. Na kumwinua kitini akishaketi lilikuwa kosa la pili. Shujaa akajaribu kusimama kiubavu, njia ikapotea. Akajaribu kuinama kwa magoti tu, mgongo umenyooka, akawa kama mtu anayechuchumalia debe. Akazunguka meza nzima akitafuta upande wa heshima, na hakuupata. Jasho likamtoka. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ameogopa.

"Mwanangu, unazungukia nini?" akauliza mama mkwe.

Fundi akapaka chaki fimbo iliyokwisha kupakwa. Kinyozi akasogea mbele, akainua mkono. "Mama! Mbele yako amesimama mtu aliyebanwa kati ya adabu na ushindi. Akiinama amekukosea, asipoinama amemkosa mkewe! Je, ni nani—"

"Una maana nimekaa nyuma yake?" mama akamkatiza.

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo hayo tu? Haya." Mama mkwe akauvuta mtandio, akajifunika uso wote mpaka kidevuni. "Nimejifunika. Inama, mwanangu, inama mpaka uchoke. Mimi simo."

Basi akainama. Aliinama Bingwa wa Pindo, akaushusha mwili mpaka kidevu kikagusa fimbo, macho yote mawili wazi, mguu wa kulia nyuma. Fimbo ikaenda na kurudi, ikaenda na kurudi, na ule mwendo mguu ukautambua. Kisigino kikainuka.

"Cherehani!" akanong'ona kinyozi, mnong'ono uliosikika mpaka dukani chini.

Goti likakazwa. Fimbo ikapiga. Mpira mweupe ukavuka uwanja wote ule wa kijani, ukaugonga mwekundu, nao mwekundu ukaondoka kuelekea konani, ukagonga mdomo wa kushoto wa shimo, ukagonga wa kulia, ukasimama mlangoni ukitikisika. Bucha aliacha kutabasamu. Mkono Mtulivu, ambaye mkono wake haujawahi kutetemeka juu ya mtoto wala juu ya meza, alijishika shavu.

Ukaanguka.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu walikuwa wamebana pumzi muda mrefu mno, na kila mmoja alikuwa bado anaitafuta yake.

"Umeingia?" ikauliza sauti kutoka ndani ya mtandio.

"Umeingia, mama," akajibu Mkono Mtulivu, na sauti yake haikuwa tulivu hata kidogo.

"Basi mwambieni ainuke, nifunue uso. Humu ndani joto."

Hapo ukumbi ulilipuka. Kinyozi alimkumbatia Bucha kwa makosa, na Bucha, tumpe haki yake, alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Lakini Fundi hakuinuka. Alibaki vile vile, kidevu juu ya fimbo, na waliokuwa karibu walidhani anatii mafunzo. Mkewe alimjua zaidi ya hapo. Alikuja upande wa pili wa meza, akainama naye mpaka nyuso zao zikawa sawa juu ya kitambaa, akaona machozi yake.

"Wewe," akamwambia taratibu. "Kumbe ulitaka hivi?"

"Nilitaka sana."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ulikuwa unacheza."

Ndipo akacheka, kile kicheko chenyewe, karibu kabisa na uso wake, na mama mkwe akagonga kiti kwa kiganja akidai kuambiwa kunani. Basi iandikwe na isomwe hivyo: kwamba Alhamisi ile, mbele ya mashahidi waliojaa hadi ngazini na mmoja aliyejifunika, mpira mmoja mwekundu ulianguka shimoni, na mtu mmoja akahama kutoka benchini kwenda kusimama kando ya mke wake. Wafalme na wabaki na ngome zao.